Vuli Mbili za Mwatima

Nyamazeni! Tena wewe uliyekaa ubavuni mwa sinia, wewe ndiye nnayekwambia. Nimekusikia. Ati "Mwatima yule aliyekataa kumzika mamake." Umelitamka hilo mbele yangu, kwenye arusi niliyoisimamia mie, huku unacheka na mdomo umejaa wali. Nani kakusimulia? Mambo hayo yalipotokea wewe ulikuwa hata kamasi hujui kujifuta. Haya, wekeni matonge chini nyote. Leo nitasema, na atakayeinuka kabla sijamaliza asinijue tena.

Mie Duni ni mkunga, na nusu ya mliomo humu nimekupokeeni kwa mikono hii. Mwatima nilikuwa somo yake. Mie ndiye niliyemfunda, mie niliyekaa mlangoni kwake siku saba za fungate. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa na mtu.

Alizaliwa Kengeja, mtoto pekee wa Bi Mwanaasha. Babake alikufa yeye bado ananyonya, akawaachia mikarafuu kumi na mmoja na kibanda. Mama na mwana wakaishi kwa kusuka mikeka, na vuli ikifika wanachuma, wanachambua karafuu kwenye makonyo, vile vijiti vyake, wanaanika. Mwatima alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Alikuwa anachuma pishi mbili wenziwe wako kwenye moja. Kelele hana, ubishi hana. Mtu mkimya vile ndiye watu wanayependa kumsema, kwa kuwa wanajua hatawajibu.

Miaka miwili kabla ya ile vita kubwa ya Wazungu akaja kuposwa na Msellem, wa huku kwetu upande wa Mtambile. Kijana mzuri, kanzu yake haina doa, maneno yake laini. Bi Mwanaasha akafurahi mpaka akalia. Mie nikatiwa kazini.

Sasa nisikilizeni, na wasioolewa wazibe masikio wakitaka. Siku ya kwanza ya fungate, hamna. Nikasema bwana kachoka. Ya pili hamna, ya tatu hamna. Siku ya nne Msellem akanitokea uani, macho mekundu, akanishika mikono. "Somo, nisitiri. Nimelogwa. Nipe siku, nitapona."

Na mie, mjinga miye, nikamsitiri! Nikachinja kuku, nikakitia kile kitambaa cheupe damu ya kuku, nikakitandaza kwenye sinia, nikakipeleka Kengeja kwa vigelegele. Bi Mwanaasha akanitunza kanga mbili. Nilikuwa nikizivaa zinaniwasha mwilini. Niliona nafanya wema. Nilikuwa namfunga yule mtoto kamba, na fundo nalikaza mwenyewe.

Mwaka mzima ukapita. Siku moja Mwatima akaja kwangu, akakaa kwenye kibao cha mbuzi, akaniambia, "Somo, mie nataka mtoto. Mama ana mie tu. Nikikaa pale nitazeeka kama nilivyokwenda." Nikamuuliza kama keshamwambia mumewe amwache. Akasema kamwambia mara tatu, na mara tatu kajibiwa, "Nikikuacha watu watajua kwa nini."

Mnasikia? Hakusema anampenda. Hakusema nivumilie. Alichokiogopa ni watu! Mwanamke wa miaka ishirini akauke ndani kama kisamvu kilichosahauliwa juani, ili bwana apite barazani kichwa juu.

Nikamwendea ami yake Msellem, Mzee Mjaka. Huyu alikuwa kasoma vitabu, na tasbihi haimtoki mkononi. Nilidhani atamsemesha mwana wa nduguye. Akaniangalia kama kitu kilicholetwa na paka. "Mke hatoi siri ya chumbani, Duni. Na wewe si ulipiga vigelegele?"

Basi nikamchukua Mwatima tukaenda mjini kwa kadhi. Huko ndiko tulikojifunza kwamba kuvunja ndoa ni kazi kuliko kuifunga. Kufunga ni dakika chache na haluwa. Kuvunja! Karani akaandika daawa, akamwita mume siku nyingine, tukarudi, hakuja, tukarudi tena. Mara ya tatu akaja na Mzee Mjaka, ndiye wakili wake.

Kadhi akasema, taratibu kama anasomesha watoto, kwamba mume akiwa hawezi kumwingilia mkewe, mke ana haki ya faskhi. Yaani ndoa inavunjwa hapo mahakamani, talaka ya mume haingojewi. Lakini lazima ithibiti. Akamuuliza Msellem. Msellem akasema, "Uongo. Mke wangu nilimkuta bikira na watu wakapokea habari." Mzee Mjaka akaninyooshea kidole. "Somo yake yule pale, shahidi wetu. Yeye ndiye aliyepeleka kitambaa."

Ardhi ingepasuka siku ile ningeshukuru. Ikabidi niseme mbele ya wanaume ile damu ilikuwa ya kuku. Wakacheka. Karani akacheka! Kadhi akasema ushahidi wangu hauna kitu, kwani nimekiri uongo kwa mdomo wangu, na hapo sikumlaumu. Akaamrisha wakunga wanne waaminifu wamtazame Mwatima.

Wakamwingiza chumba cha nyuma. Wanawake wanne, wakubwa, hawamjui wala hawajui kwao. Mie nikazuiwa mlangoni. Alipotoka alikuwa kajitanda buibui mpaka machoni. Wanne wote walishuhudia kitu kimoja: ni bikira. Msellem akaambiwa basi kula yamini kwamba uliwahi kumwingilia. Akaushika msahafu, akaurudisha bila ya kuapa. Yamini ikaja kwa Mwatima, naye akaila bila ya kutetemeka.

Nikasema kwisha. Kumbe ndo kwanza.

"Sasa mume anapewa mwaka," kadhi akasema, "mwaka wa mwezi, kuanzia leo. Maradhi haya pengine hutokana na baridi, pengine na joto. Apitiwe na majira yote manne, kaskazi, masika, kipupwe na vuli. Yakimpita yote na hali ni ile ile, mke atachagua. Na kwa mwaka huo mke akae na mumewe."

Ilikuwa mvua za masika ndizo zinaanza. Tukarudi. Mwatima akakaa. Alipika, akafua, akasuka, akalala kitanda kimoja na mtu ambaye asubuhi alikuwa hamsalimii. Kila mwezi ukiandama alifunga fundo kwenye ukindu na kuutia chini ya mto. Kipupwe kikapita. Vuli ikafika, na karafuu mwaka ule ziliitikia mpaka matawi yakainama.

Hapo Bi Mwanaasha akaleta salamu. Nyonga inamuuma, hawezi kuchuma, karafuu zinaanza kufunua maua, zikifunua hazina bei. Mwanawe aende akamsaidie. Mwatima akaomba ruhusa. Na Msellem, yule aliyekuwa hafungui mdomo, akawa asali! "Nenda, mke wangu. Mama ni mama. Kaa mpaka mumalize, usiharakishe." Akambebea pakacha lake mwenyewe mpaka njia kubwa. Mie nilikuwa nakoka moto nikamwona, nikasema, yakhe, pengine Mungu kamlainisha. Nikamsifu kwa majirani!

Akakaa Kengeja siku thelathini na nane. Wakachuma, wakaanika, wakauza, akarudi. Kaskazi ikapita. Mwezi wa kumi na mbili ukaisha. Tukaenda kwa kadhi nimevaa kanga mpya, na Mwatima kaoga asumini. Wakunga wanne wakamtazama tena. Jibu lile lile.

Mzee Mjaka akasimama, tasbihi mkononi, akakohoa.

"Shehe, mwaka haujatimia. Mke alimhama mume vuli nzima. Kengeja wote mashahidi."

Nikacheka, wallahi. Nilidhani mzee kachanganyikiwa. Nikamtazama kadhi nikamwona hacheki. Kafungua kitabu, kavaa miwani, kidole kinafuata msitari.

"Ni kweli," akasema. "Siku ambazo mke hayuko na mume hazihesabiwi. Na majira aliyokosekana ni vuli, kwa hiyo ni vuli itakayolipwa, haifai siku nyingine. Akae naye vuli ijayo."

"Si alimpa ruhusa!" nikapiga kelele. "Alimbebea pakacha, nimemwona kwa macho yangu!"

"Ruhusa inamtoa dhambini, Bi Duni. Siku zake haimrudishii."

"Basi amemtega!"

"Mimi sihukumu yaliyo moyoni mwa mtu. Vuli ijayo asiondoke kwa mumewe. Nimekwisha."

Msellem alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Ami yake alikuwa anavuta tasbihi. Subhanallah, subhanallah, na huku kameza miezi minane ya mtoto wa mtu! Kitabu kile sikigombi, kitabu hakina kosa. Niligomba na nnagomba mpaka leo na mtu anayekisoma kwa kutafuta pa kumzibia mwenziwe njia. Nilimwambia Mjaka hivyo njiani, mbele za watu, nikamwita mnafiki. Akanijibu nirudi nikachinje kuku.

Mwatima hakulia. Alirudi kwenye kile kitanda. Kipupwe kikaja tena. Na vuli ilipokaribia akaniuliza, "Somo, nifanye vipi nisikosee?" Nikamwambia, "Usiondoke. Hata kizingiti usikivuke. Maji nitakuletea, kuni nitakuletea. Ukitoa mguu mmoja nje ya nyumba hii watasema umehama, na wataanza kukuhesabia upya." Nilimwambia kwa ukali, namtikisa bega. Akasema, "Taibu."

Akakaa. Mvua za kwanza zilipodondoka akaingia ndani, hakutoka tena ila uani. Watoto wakawa wanapita kumchungulia dirishani. Bi Mwanaasha akaleta salamu kama mwaka jana, kwamba karafuu zimewiva na nyonga ndiyo ile. Mwatima akamrejeshea kwamba hawezi, amsamehe, watu waombwe wamchumie kwa mafungu, wagawane naye. Mamake hakuelewa. Angeelewa vipi? Kwake yeye mwanawe aliolewa salama, kitambaa alikiona. Sisi tulikuwa hatujamwambia, mie nimekataza, nimeona haya ya zile kanga mbili.

Wiki ya nne ya vuli, asubuhi moja, Bi Mwanaasha aliona karafuu zinafunua mtini na mchumaji hana. Akapanda mwenyewe. Mwanamke wa umri ule, na nyonga ile. Tawi la mkarafuu mnalijua lilivyo, halina huruma, linakatika bila ya kulia. Kabla ya adhuhuri alikuwa keshakata roho.

Habari ilifika kwetu kwa mtu wa baiskeli. Nilikuwa kwa Mwatima, namtilia maji mtungini. Msellem akaingia, akavua kofia, akasema, "Mke wangu, mama katangulia. Watazika baada ya alasiri. Nenda. Nimekupa ruhusa. Kaa mpaka hitima iishe."

Sauti ile ile! Asali ile ile ya pakacha! Na nje, barazani, nikamwona Mzee Mjaka kakaa, kaja sijui saa ngapi, miguu kaikunja, anangoja.

Mwatima alishakamata buibui. Alikuwa hata hapumui vizuri, anatafuta kiatu kimoja huku kakivaa. Nikamshika mkono, kwa huu wangu wa kulia, nikaukaza. "Usiende. Wametega tena. Ukivuka hapo vuli yako imekwenda, na mama harudi."

"Somo, niache. Mama yangu."

"Mama yako alitaka wajukuu. Ukitoka utakaa hapa mwaka mwingine, na mwaka mwingine, mpaka uzikwe na huyu. Nitakwenda mie. Nitamkosha kwa mikono yangu."

Akanipigapiga kifuani kwa kiganja, kama mtoto anavyopiga mlango. Sikumwachia. Halafu akakaa chini pale pale, mgongo kauegemeza kwenye fremu ya mlango kwa ndani, na akatoa sauti ambayo mie, niliyesikia wanawake wakizaa miaka yote, sijaisikia tena. Msellem akasimama na kofia yake mkononi. Nikamwambia, "Toka, mwanaharamu we." Akatoka.

Nikaenda Kengeja kwa miguu, mbio na kupumzika, mbio na kupumzika. Nikawahi. Nikamkosha Bi Mwanaasha. Dada wa marehemu, Bi Zuweina, alikuwa ananimiminia maji, na kila kata aliyomimina aliuliza, "Mwanawe yuko wapi?" Nikasema mgonjwa. Akasema, "Mgonjwa wa nini? Kutoka Mtambile mpaka hapa hata mwenye homa anafika." Nimezoea kusema uongo pasipotakiwa, siku ile uongo ulipotakiwa ukanikauka. Jeneza lilipotoka wanawake wa Kengeja wakasema kwa sauti, ili niipeleke: mtoto aliyemsusa mamake asije tena hapa, kaburi asioneshwe.

Nikaipeleka hiyo habari? Hasha. Lakini ilifika, kama inavyofika mpaka leo, mpaka kwenye sinia la arusi, kwa watu wasiojua hata rangi ya macho ya Bi Mwanaasha.

Vuli ikaisha. Mvua zilipokatika kabisa tukaenda mjini. Safari hii sikuvaa kanga mpya.

Wakunga wanne, mara ya tatu. Jibu moja. Kadhi akamuuliza Mzee Mjaka kama ana la kusema. Alilikosa, maskini, kalitafuta na kalikosa. Msellem akaambiwa ale yamini. Akatikisa kichwa. Alikuwa kakonda, na nakwambieni ukweli, sikumhurumia hata kidogo. Angeweza kusema neno moja la talaka miaka mitatu nyuma.

"Binti," kadhi akasema, "sasa hiari ni yako. Ukitaka kukaa, kaa. Ukitaka kuvunja, tamka."

Mwatima akasimama. "Nimeivunja ndoa yangu na Msellem."

Karani akaandika. Kadhi akasema hana eda, kwa kuwa hakuguswa. Anaweza kuolewa hata leo. Miaka mitatu, na kitabuni haina hata eda! Akapiga mhuri. Halafu akatazama nyuma yetu, akaona benchi tupu, akauliza kwa upole, kama mzazi, "Jamaa zako wa Kengeja hawakuja kukupokea?"

"Wamenisusa, Shehe. Mama alikufa vuli hii, sikwenda kumzika."

"Kwa nini hukwenda?"

"Ulisema nisiondoke."

Kadhi akavua miwani.

"Lahaula," akasema. "Nilisema usimhame mumeo. Kwenda mchana kumzika mzazi ukarudi jioni si kuhama. Siku moja haivunji majira, binti. Ungekwenda. Hakuna ambacho kingeharibika."

Hapo yule mkimya, yule asiye na kelele, akapiga ngumi meza ya kadhi mpaka wino ukamwagika. "Mbona hukusema? Siku ile ulikuwa na kitabu, una miwani, una ulimi! Mbona hukusema siku moja inafaa?"

"Hukuniuliza," kadhi akasema, na sauti ilikuwa imemshuka. "Ningeulizwa ningesema."

Kweli, hatukuuliza. Nilikuwa nimesimama pale pale siku ile, mdomo wazi, napiga kelele za pakacha, na sikumuuliza kadhi neno moja la maana.

Mwatima akanigeukia. Ngumi ilikuwa bado imejaa wino.

"Somo, hata kizingiti nisivuke. Hilo la kizingiti ulilisikia kwa nani?"

Nilitafuta. Wallahi nilisimama nikatafuta, kwa kadhi, kwa karani, kwa Mjaka, kwa mtu yeyote niliyewahi kumsikia.

"Sikulisikia kwa mtu," nikamwambia. "Nililitia mie."

Akanitazama kidogo, halafu akajifunga buibui akatoka. Alikwenda Kengeja kwa miguu kulitafuta kaburi, na alinikataza kumfuata.